Jicho la Fundi wa Gerezani

Kijana anayenunua gari lake la kwanza Dar es Salaam mara nyingi hulipenda kwa macho kabla hajalipenda kwa safari. Anataka lilale. Anataka tairi zijae ndani ya matao ya bodi, na upenyo unaobaki usipitishe hata vidole viwili. Iwe Mark X, Crown au Impreza, analipeleka Gerezani, pembeni mwa Kariakoo, ambako maduka ya spea na mafundi wa barazani wamebanana hadi mtu hajui duka linaishia wapi na gereji inaanzia wapi. "Fundi, nishushie hii." Fundi mzuri hagusi jeki. Anamuuliza kwanza: "Unakaa wapi, bosi?"

Naliheshimu swali hilo kuliko spana zote za Gerezani. Mwenye kukaa Upanga na kufanya kazi Posta hupita lami kwenda na kurudi. Adui zake ni tuta na mfuniko wa mtaro uliozama. Mwenye kukaa Kivule ndani huiacha lami kila jioni na kuingia njia ya mchanga ambayo kati ya Machi na Mei, masika yakikolea, hugeuka mfereji. Hawa wawili wakileta magari ya aina moja na mwaka mmoja, fundi anayeijua kazi atawapa majibu mawili, kwa sababu yeye kimo cha gari hukisoma kwenye njia.

Magari yenyewe yametoka kwenye njia nyingine. Magari madogo ya mjini hapa mengi ni mitumba ya Japani, nchi inayoendesha kushoto kama sisi, na baadhi yake yaliishi ujana wao Hokkaido, kisiwa cha kaskazini ambako theluji hulala barabarani miezi kadhaa. Fundi hulitambua gari la theluji kabla hajaona karatasi zake. Akiingia uvunguni anakuta kutu imetafuna vikalio vya springi na vichwa vya bolti, kwani huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia chuma. Akipapasa tairi anakuta mpira laini uliojaa michirizi myembamba. Mwaka 1990 Japani ilitunga sheria ya kuzuia tairi zenye misumari, maana misumari ilikwangua lami na kujaza vumbi hewani, na hizi laini zikachukua nafasi yake. Kwenye barafu hushika vizuri. Kwenye lami ya Barabara ya Uhuru saa nane mchana huisha upesi.

Wengi wetu hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Inayobeba ni springi. Shokapu huituliza isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ndiyo maana kushusha gari kuna njia ya haki na njia ya mkato. Njia ya haki ni kufunga springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, kisha kupima upya mkao wa tairi. Njia ya mkato ni kukata springi kwa grainda, au kuichoma kwa gesi mpaka inywee. Hesabu yake haina huruma. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiikata mzunguko 1, ugumu wake unapanda kwa asilimia 20, na papo hapo umeinyima nafasi ya kucheza. Shokapu iliyozoea kufanya kazi katikati ya mwendo wake sasa inafanya kazi karibu na mwisho, inagota kwenye kila tuta, na haichukui muda kuvuja. Gari likipandishwa jeki, springi inalegea na inaweza kuchomoka kwenye kikalio. Iliyochomwa ni mbaya zaidi, kwani moto umeondoa ule ukakamavu ambao kiwanda kiliutia chuma kwa makusudi. Nje gari linapendeza; uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hapa ndipo theluji ya Hokkaido na tope la Kivule vinapokuwa ndugu. Njia inayoteleza haitaki miguu migumu. Tairi hushika pale inapokandamizwa chini wakati wote, na springi laini yenye mwendo mrefu huifuata ardhi inapopanda na kushuka, ilhali ngumu na fupi huirusha. Mchukuzi wa Kariakoo mwenye gunia begani hapiti kwenye utelezi akiwa amekaza magoti. Kimo nacho kina neno lake. Gari lililoshushwa likiingia kwenye theluji nene huikusanya kwa bampa mpaka tumbo lake linailalia, na tairi zinabaki kuzunguka bure. Kwenye tope hufanya vivyo hivyo.

Watu wa mbio za magari walilijua hili zamani. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na gari lisilo na miguu ya kuvumilia halikufika mbali. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544, gari la Sweden, nchi ambayo watu wake hujifunza kuendesha kwenye theluji. Mwaka 1966 na 1967 zamu ikawa ya Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Tanzania, akiwa na Peugeot 404. Hadi leo gari linaloandaliwa kwa mbio za theluji za Sweden hunyanyuliwa, hulainishwa miguu na kufungwa tairi nyembamba zenye misumari. Likipelekwa kwenye lami kavu, linashushwa na kukazwa. Dereva ni yuleyule na injini ni ileile. Njia imebadilika, na fundi ameitii.

Theluji yetu iko juu ya Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, na gari halifiki. Sisi tuna maji. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, na hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa kwenye bonde hilohilo, imeshazama zaidi ya mara moja. Gari lililolala huvuta maji kwenye njia ya hewa mapema kuliko lililosimama kwa kimo chake, na injini ikishameza maji, bei ya ule urembo inajulikana siku hiyohiyo.

Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili. Wanataka gari linyanyuliwe juu kabisa, fundi apachike spesa nene juu ya shokapu, mashimo yasahaulike. Nako kuna gharama. Shafti zinazozungusha tairi hukaa kwa pembe ambayo hazikuundwa nayo, mipira yake inachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Na gari lenyewe huyumba zaidi kwenye kona. Fundi wa kweli hujua kusema "hapo inatosha" kwa pande zote mbili. Mwenye kirikuu anayebeba mizigo ya Kariakoo, fundi humwambia aongeze bamba moja la springi nyuma, asiongeze mawili, maana siku gari litakaporudi tupu mabamba hayo yatalirusharusha barabarani.

Ujuzi huu hauna mashine kubwa. Fundi hukandamiza kona ya gari kwa mikono miwili, akaachia, akatazama: likipanda na kutulia, shokapu ni nzima; likiendelea kunesa, imekufa. Hupitisha kiganja juu ya tairi kutafuta mabonde na vilima vya ulaji mbaya. Huingiza mtaimbo mdogo kwenye bushi na kuusukuma, aone mpira umechoka kiasi gani. Humwambia mwenye gari apite polepole juu ya rasta, naye anatembea pembeni ameinama, akisikiliza kama mlio ni wa kogokogo au wa kukwaruza. Wengine wamepita VETA Chang'ombe. Wengine walianza kwa kumshikia tochi fundi mkubwa.

Lakini malipo yetu hayaujui ujuzi huo. Gerezani tunalipia spea na tunalipia kufunga. Kule kuinama, kusikiliza na kupapasa tunakuhesabu kuwa ni salamu. Fundi akigundua kwamba gari halihitaji kitu, anaondoka mikono mitupu. Akibadilisha shokapu mbili nzima, anakula. Halafu tunalalamika kwamba mafundi hubadilisha ovyo. Tumemwekea mtu mtego, kisha tunamlaumu kwa kunasa. Dawa iko mfukoni mwetu: tukubaliane bei ya kupima kabla jeki haijaingia chini ya gari, na tuilipe hata pale jibu litakapokuwa "usishushe, bosi, njia yako haikubali." Fundi aliyekuambia hivyo amekufanyia kazi, na ujira wake ni deni.