Shamba ni la Nani?

Wako Wakristo wanaosema kwamba tamthiliya za Marekani za karne iliyopita hazina la kumfaa mwamini, kwa sababu zimejaa uzinzi, ugomvi na watu waliokata tamaa. Mambo hayo yamo. Lakini katika tatu kati ya tamthiliya hizo limo swali linaloanzia kitabu cha Mwanzo: je, mwanadamu aliwekwa juu ya ardhi awe bwana wake, au mtunzaji wake?

Ya kwanza ni Desire Under the Elms ya Eugene O'Neill, iliyoonyeshwa mwaka 1924. Mzee Ephraim Cabot ana shamba lenye mawe huko New England, na mawe hayo ameyaokota na kuyapanga kuwa kuta. Zamani alikwenda magharibi akapata udongo mzuri usio na mawe. Akaacha mazao yake na kurudi, kwa kuwa aliamini kwamba Mungu ni mgumu na hapatikani penye wepesi. Mzee huyu hulitaja jina la Mungu kila wakati. Hata hivyo amezika wake wawili, wanawe wanamchukia, na akikosa faraja ndani ya nyumba huenda zizini kulala na ng'ombe. Yeye, mwanawe Eben na mke wake wa tatu, Abbie, kila mmoja anasema shamba ni langu. Katika ugomvi huo wa tamaa na mashaka, mtoto mchanga anauawa na mama yake.

Wengi hukumbuka mauaji hayo tu. Mimi naona uzito wa tamthiliya uko katika dakika zake za mwisho. Abbie amekiri, na Eben amekubali kubeba hatia pamoja naye. Wakiwa wanapelekwa kuhukumiwa, wanasimama kutazama jua likichomoza na kusema ni zuri. Wamepoteza kila kitu, na sasa ndipo wanapoweza kuitazama kazi ya Mungu bila kuidai iwe yao. Papo hapo, afisa aliyekuja kuwakamata analitazama shamba na kutamani liwe lake. Kwa hiyo tamaa haikufa. Imehamia kwa mtu mwingine.

Ya pili ni Death of a Salesman ya Arthur Miller, ya mwaka 1949. Willy Loman anaishi Brooklyn katika nyumba iliyozungukwa na majengo marefu. Miti mikubwa aliyoipenda imekatwa, na jua halifiki uani. Siku anapopoteza kazi, anakwenda kununua mbegu, na usiku anazipanda kwa mwanga wa tochi. Anajua kwamba haziwezi kuota hapo. Huku akipanda, anapiga hesabu ya dola 20,000 za bima ambazo jamaa yake watapata akifa. Miller hahubiri, lakini ametuonyesha mtu aliyekoma kujiona kuwa kiumbe na kuanza kujiona kuwa bidhaa. Mikono yake ilipenda udongo na useremala, naye akaidharau karama hiyo ili apendwe na wateja. Upungufu wa Miller, kwa maoni yangu, ni kwamba amemwachia Willy kumbukumbu za bustani bila kumwachia njia ya kuirudia.

Njia hiyo tunaiona kwa Lorraine Hansberry katika A Raisin in the Sun, ya mwaka 1959. Mama Lena Younger, mjane Mweusi wa Chicago, ana mmea mmoja dhaifu kwenye dirisha dogo la jikoni. Naye amepata fedha za bima, dola 10,000 baada ya kifo cha mumewe. Sehemu yake anaitumia kulipia nyumba yenye uwanja wa bustani katika mtaa wa Wazungu. Watu wa mtaa huo wanamtuma mjumbe awape fedha ili wasihamie. Familia inakataa. Siku ya kuhama, Mama Lena anatoka, kisha anarudi kuuchukua ule mmea.

Mtu atauliza: je, huyu naye hatafuti kumiliki kama Cabot? Hapana. Cabot alitaka shamba life pamoja naye kuliko kuliacha kwa mwingine. Mama Lena anatafuta mahali ambapo wanawe na mjukuu wake watakua, na ule mmea pia. Mambo ya Walawi sura ya 25 yatufundisha kwamba nchi ni ya Bwana, nasi tu wageni wake. Lakini fundisho hilo lisitumiwe kumnyamazisha aliyenyimwa mahali pa kuishi. Mungu yule yule mwenye nchi ndiye aliyemhukumu Ahabu kwa ajili ya shamba la mizabibu la Nabothi.

Basi, ndugu msomaji, tusizikwepe kazi hizi kwa kuwa wahusika wake ni wenye dhambi. Cabot alikuwa mtu wa dini, na dini yake haikumzuia kuigeuza ardhi kuwa sanamu. Tunapogawana urithi, tunapokata mti au kuweka mpaka, na tujiulize kama tunatunza au tunanyakua. Mama Lena alikuwa na mmea mmoja tu dirishani, akautunza kwa uaminifu.