Pahalawani wa Jabali la Karatasi

Filamu za Kiitaliano za mashujaa wa kale, ambazo wahakiki wa Ufaransa walizipa jina la peplum kwa ajili ya vazi lililovaliwa na wanawake wa Uyunani, ni miongoni mwa kazi ambazo watu huzipenda huku wakizionea haya. Kati ya mwaka 1958 na 1965 zilitengenezwa zaidi ya mia moja. Ndani yake mna Hercules, Maciste, Ursus, Samson, wana wa Spartacus, na magladieta wasio na idadi. Mna malkia wenye macho yaliyotiwa wanja mzito, mna wafalme wadhalimu, mna simba, na karibu kila mara mna jumba ambalo halina budi kuanguka kabla ya picha kwisha. Mtu aliyeziona tatu amekwisha kuyajua yatakayotokea katika ya nne, na hata hivyo huenda kuitazama. Jambo hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa, maana kuzidharau ni kazi rahisi na imekwisha kufanywa na wengi.

Iliyoanzisha mkumbo huo ni Le fatiche di Ercole, yaani Kazi za Hercules, iliyoongozwa na Pietro Francisci na kutolewa mwaka 1958. Shujaa wake alikuwa Mmarekani Steve Reeves, aliyepata taji la Mr. America mwaka 1947 na la Mr. Universe mwaka 1950. Reeves hakuwa mwigizaji mkubwa, wala hakuhitajiwa kuwa. Mwanzoni farasi wa Iole, binti wa mfalme, wamechachamaa na kukimbia ovyo na gari lake. Hercules anang'oa mti mzima na mizizi yake, anautupa mbele yao, na farasi wanasimama. Mwishoni anazizungusha nguzo za jumba la mfalme kwa minyororo ile ile aliyofungwa nayo, anavuta, na jengo linawaangukia askari. Baina ya mti na nguzo imewekwa hadithi ndefu ya Jason na ngozi ya dhahabu, lakini ni wachache waikumbukao. Kinachokumbukwa ni mti na nguzo.

Mfanyabiashara Joseph E. Levine alinunua haki ya kuionyesha filamu hiyo Marekani, akaitangaza kwa fedha zaidi ya dola milioni 1, na mwaka 1959 akaitoa katika mamia ya majumba ya sinema kwa pamoja. Tangu hapo studio za Roma hazikulala. Desturi ya studio hizo ilikuwa kupiga picha kwanza na kutia sauti baadaye, kwa Kiitaliano, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa kadiri ya wanunuzi. Kwa hiyo mdomo unasema hili na sikio linasikia lile. Sauti ya Reeves mwenyewe haisikiki. Anenaye ni mtu mwingine aliyesimama mbele ya kikuza sauti, hana jasho wala vumbi. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: shujaa aliye mzito kuliko watu wote katika picha anaonekana kama mwanasesere ambaye roho yake imewekwa mahali pengine. Wengi wa wanaocheka wanapoziona filamu hizi hucheka hapo kwanza, kisha hucheka jabali linaporushwa na kudunda.

Kicheko hicho kina jina. Mwaka 1964 Susan Sontag alichapisha katika jarida la Partisan Review makala yake mashuhuri juu ya ladha ambayo Wamarekani huiita kempu: ladha ya kupenda kitu kwa sababu ya mbwembwe zake, kwa sababu kimetaka makuu na kikashindwa, na kwa sababu kimeshindwa kwa moyo wote. Alitofautisha kempu ya asili, isiyojijua, na ile inayojikonyeza. Na akaiweka ya kwanza juu. Kwa kadiri kubwa filamu za peplum zamthibitishia maneno yake. Mathalani, katika Maciste all'inferno ya Riccardo Freda (1962), kijiji kimoja cha Uskoti cha karne ya 17 kimelaaniwa na mchawi. Kanzu nzito, kofia, ukungu. Katikati ya watu hao anatokea Maciste juu ya farasi, kifua wazi, amevaa kitambaa kiunoni tu, na hakuna mwanakijiji hata mmoja anayemwuliza ametoka wapi wala kama haoni baridi. Angaliulizwa, filamu ingaliharibika. Raha yote imo katika kutokuulizwa huko.

Walakini kanuni ya Sontag haitoshi kwa kila kitu. Vittorio Cottafavi alikuwa mtu aliyejua kabisa alitendalo. Katika Ercole alla conquista di Atlantide (1961), Hercules, anayeigizwa na Mwingereza Reg Park, ni mtu wa kupenda chakula chake na usingizi wake. Wenzake wanapigana katika nyumba ya pombe, naye ameketi akila kwa utulivu. Huo ni mzaha wa makusudi, na mzaha mzuri. Lakini katika filamu hiyo hiyo malkia Antinea wa Atlantis anatengeneza jeshi la vijana wenye nywele za manjano, wote wa sura moja, kwa nguvu ya jiwe lililotokana na damu ya Uranus, na mtazamaji wa Italia wa miaka ile, ambaye hakuwa amesahau kukaliwa na Wajerumani, hakuhitaji kufafanuliwa. Mtu anayecheka tu katika filamu ya Cottafavi amepitwa na nusu yake. Yafaa kusemwa vivyo hivyo juu ya Mario Bava, ambaye katika Ercole al centro della Terra (1961) aliifanya Jehanamu kwa vipande vichache vya mapambo na taa za rangi nyekundu, kijani na buluu. Vitu ni duni, macho ni ya mchoraji. Arrivano i Titani ya Duccio Tessari (1962), kwa upande wake, inajikonyeza tangu mwanzo hata mwisho, nayo ni ya kuchangamsha. Ila ukiisha kuitazama hakibaki kitu moyoni.

Filamu za magladieta ni tawi la mti huo huo, lakini zina tatizo lao wenyewe. Hercules ni huru. Gladieta ni mtumwa anayeuawa ili watu waburudike. Kila filamu ya namna hii, tangu La rivolta dei gladiatori ya Cottafavi (1958) hata Il magnifico gladiatore (1964), humwonyesha mtazamaji umati uliokaa vitini ukipiga kelele za kutaka damu, na humtaka auchukie. Naye mtazamaji amekaa kitini, amelipa kiingilio, na amekuja kwa ajili ya mapigano. Filamu zilizo hafifu hazilioni jambo hilo. Hata kidole gumba cha Kaisari, ambacho hazikosi kukionyesha kikigeuzwa chini, kimetoka zaidi katika picha ya rangi ya Jean-Léon Gérôme ya mwaka 1872 kuliko katika vitabu vya Warumi, ambavyo havielezi wazi kidole kiligeuzwa upande gani. Tayari mwaka 1957 Roland Barthes, katika kitabu chake Mythologies, alikuwa ameicheka Julius Caesar ya Marekani kwa kumfanya kila mtu awe Mrumi kwa kumchania nywele juu ya paji la uso. Waitaliano hawakujishughulisha hata na nywele. Reeves alibaki na mtindo wake wa nywele wa California, ndevu zikiwa zimekatwa vizuri.

Iliyo bora katika tawi hili huenda ni Il figlio di Spartacus ya Sergio Corbucci (1962). Reeves ni Randus, askari wa Roma anayetambua kwa hirizi iliyo shingoni mwake kwamba baba yake ni yule mtumwa aliyeasi. Sehemu ya filamu ilipigwa Misri, na jangwa la kweli linaipa uzito ambao majengo ya mbao hayana. Hapa shujaa hana budi kuchagua kati ya jeshi lililomlea na damu iliyomzaa, na uchaguzi huo haumalizwi kwa kuangusha nguzo.

Penye suala la damu ndipo kicheko huingia mashakani. Maciste hakuzaliwa mwaka 1958. Alizaliwa katika Cabiria ya Giovanni Pastrone, mwaka 1914, miaka michache tu baada ya Italia kuivamia Libya, na mshairi Gabriele D'Annunzio, aliyeandika maneno ya filamu hiyo, ndiye anayetajwa kuwa alimpa jina. Aliyemwigiza ni Bartolomeo Pagano, hamali wa bandari ya Genoa. Katika Cabiria Maciste ni mtumwa Mwafrika. Pagano alipakwa rangi nyeusi mwili mzima. Watu walimpenda mtumwa huyo kuliko bwana wake, na studio ikaamua kumfanyia filamu zake mwenyewe. Mwaka 1915 ilipotoka filamu iitwayo Maciste, weusi ulikuwa umeoshwa. Mwafrika alikuwa amekwisha kuwa Mwitaliano, naye hakuelezwa aligeukaje. Aliporudi mwaka 1960 katika Maciste nella valle dei re, jina lake lilifasiriwa kuwa aliyezaliwa na jabali. Ni fasiri ya werevu, kwa maana jabali halina rangi ya kabila wala nchi.

Maciste huyo mpya aliyetoka jabalini alipelekwa Misri, China, kwa Wamongoli, na hata katika machimbo ya Mfalme Sulemani mwaka 1964. (Wasomaji wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kuyajua machimbo hayo tangu 1929, katika tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard iitwayo Mashimo ya Mfalme Sulemani; filamu haikuchukua mengi ya Haggard zaidi ya jina.) Popote aendapo, hadithi ni moja: taifa linaonewa, haliwezi kujiokoa, mtu mweupe mwenye kifua kipana anafika, anawavunjia minyororo, anaaga. Richard Dyer, katika kitabu chake White cha mwaka 1997, ameonyesha jinsi mwili huo uliojengwa kwa mazoezi unavyosimama mahali pa haki ya kutawala. Tarehe zinaongeza uchungu. Tanganyika ilipata uhuru 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Katika miaka hiyo hiyo ambapo mataifa yalikuwa yakijivunjia minyororo yenyewe, sinema ilikuwa ikisisitiza kwamba minyororo huvunjwa na mgeni.

Hata hivyo si haki kuyasimamisha mambo hapo. Italia yenyewe ilikuwa na watu walioikimbilia picha hii, na wengi wao hawakuwa watawala wa mtu yeyote. Majumba yaliyozionyesha zaidi yalikuwa yale ya pembezoni mwa miji na ya mashambani, ambako tiketi ilikuwa rahisi. Waliokaa humo walikuwa wakulima na wana wa wakulima waliokuwa wakihamia viwandani, ambako mashine ilianza kufanya kazi iliyofanywa na mabega ya baba zao. Kwa watu kama hao, mtu anayesimamisha gari la farasi kwa mikono mitupu alikuwa kumbukumbu ya thamani ya mabega. Wachezaji wenyewe hawakuwa mbali nao: Kirk Morris alikuwa Adriano Bellini, mpiga kasia wa Venice, Alan Steel alikuwa Sergio Ciani. Walipewa majina ya Kimarekani ili wauzike. Baadaye huko Marekani wanaume waliopenda wanaume walikiona katika filamu hizi kitu ambacho sinema nyingine haikuthubutu kukionyesha wazi, yaani mwili wa mwanamume uliowekwa utazamwe. Na utani wa rubani katika filamu ya Airplane! (1980), anayemwuliza mtoto habari za sinema za magladieta, unaeleweka kwa sababu hiyo tu.

Msomaji aliyelelewa na tenzi atakuwa amekwisha kumkumbuka Fumo Liyongo. Naye alikuwa na nguvu kupita kiasi, naye alifungwa, naye alitoka kifungoni. Lakini alitoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate na kwa kelele za ngoma zilizofunika mkwaruzo wake, kwa msaada wa mama na mjakazi. Na alikufa kwa mkono wa mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni. Liyongo ana mama, ana mwana, ana mji unaomwogopa na kumlilia. Maciste hana hata kimoja. Hiyo ndiyo sababu chumvi iliyotiwa katika habari za Liyongo haichekeshi, na iliyotiwa katika habari za Maciste huchekesha: nguvu isiyoweza kusalitiwa haina pa kuumia, na pasipo na maumivu jabali hurudi kuwa karatasi.

Mkumbo wenyewe ulikwisha upesi. Sergio Leone, aliyemalizia Gli ultimi giorni di Pompei (1959) Mario Bonnard alipougua, na aliyeongoza Il colosso di Rodi (1961), alitoa Per un pugno di dollari mwaka 1964, na studio zikageukia bastola na kofia. Gian Maria Volonté, mmoja wa waliokuwamo katika Atlantis ya Cottafavi, ndiye adui katika filamu hiyo. Reeves hakupata bahati kama hiyo. Wakati wa kupigwa kwa ile Gli ultimi giorni di Pompei gari lake la farasi liligonga mti, na bega lake likateguka. Bega hilo halikupona sawasawa, naye aliacha uigizaji baada ya filamu ya mwaka 1968. Mti ule haukuwa wa karatasi.