Neno "Kutolingana" katika Ujumbe wa Nakala Rudufu za Hifadhidata

Programu ya pg_dump, inayotoa nakala rudufu za hifadhidata za PostgreSQL, hukataa kazi ikiwa seva ni ya toleo kuu jipya kuliko lake. Tafsiri ya ujumbe wake inayojitokeza upesi kwa Kiswahili ni "kutolingana kwa matoleo", na hapo ndipo upotoshaji unapozidi ule wa Kiingereza. Kiambishi -an- humfanya msomaji aone uhusiano wa pande mbili, kana kwamba namba zote lazima ziwe sawa. Sivyo. pg_dump ya 16 huisoma seva ya 14. Ya 14 haiisomi seva ya 16. Fundi anayeongozwa na neno hilo aweza hata kufikiria kushusha toleo la seva nzima, ilhali kilichotakiwa ni kusakinisha pg_dump mpya zaidi. "Programu ya nakala ni ya zamani kuliko seva" ni kauli ndefu, lakini inaonyesha tiba.

Ujumbe wa pg_restore ni mbaya zaidi. Ya zamani ikipewa faili iliyotolewa na pg_dump ya 16, husema toleo 1.15 halikubaliwi. Msomaji hutafuta PostgreSQL 1.15, isiyokuwapo, namba hiyo ni ya muundo wa faili. Kiswahili hakina sababu ya kurithi utata huu: "toleo" libaki kwa programu, faili ipewe "muundo". Mwongozo wa tafsiri unaopima usahihi kwa neno moja moja utaupitisha ujumbe huo bila swali.