Karani wa Forodha na Kalamu Yake

Wanafunzi wa sekondari huku Nyacheki, katika milima ya Gusii, wasomapo maandishi ya Shaaban Robert huweza kujiuliza swali moja: mtu huyu alipata wapi wakati? Swali hilo si la upuuzi. Kijana wa Nyacheki arudipo nyumbani jioni hungojwa na ng'ombe, na maji ya kutekwa, na mdogo wake wa kubebwa. Na siku za mapumziko hungojwa na majani chai, ambayo hayajui kungoja. Kama ana daftari la mashairi chini ya mto wake, hulifungua usiku, macho yakiwa yamekwisha kuwa mazito. Si ajabu akidhani kwamba watu waandikao vitabu ni viumbe wa namna nyingine, wakaao mezani tangu asubuhi hata jioni bila ya kuitwa na mtu.

Shaaban Robert hakuwa wa namna hiyo. Alizaliwa karibu na mji wa Tanga mwaka 1909. Mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17, aliingia Idara ya Forodha, akadumu humo hadi mwaka 1944. Baada ya hapo alihamia Idara ya Wanyama, kisha akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi za serikali, na mwisho katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Karibu umri wake wote wa utu uzima aliuza saa za mchana kwa mshahara wa karani. Tungo ambazo vizazi vya wanafunzi vimesomeshwa zilitoka katika saa zilizosalia.

Jambo hili lina maelezo mepesi ambayo mimi siyapendi. Husemwa kwamba alikuwa mtu wa bidii, na mwenye bidii hashindwi. Bidii alikuwa nayo tele. Lakini bidii peke yake haielezi kwa nini vitabu vyake vina umbo hili wala si lile. Nionavyo, kazi ya ofisi haikumpunguzia wakati tu, bali ilimchagulia hata umbo la maandishi yake. Msomaji akitazama vema ataziona alama zake, nyingine nzuri na nyingine mbaya.

Tutazame kwanza Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vikuu vya pili vya dunia, vya mwaka 1939 hadi 1945. Beti zake zapata 3,000. Kwa mtu asiye na faragha, kazi ya urefu huo yaonekana kuwa muhali. Lakini ubeti wa utenzi una vipande vinne tu, kila kimoja mizani minane. Mtu aweza kuutunga moyoni akienda kazini kwa miguu, akauandika afikapo nyumbani, na kesho yake akaunga wa pili. Ubeti uliokwisha kutimia hauharibiki kwa kuachwa usiku mmoja, wala kwa kuachwa mwezi. Kwa mtu aitwaye huku na huku, hakuna bahari ya ushairi iliyo na huruma kuliko hiyo.

Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni nathari, na nathari ina madai mengine: humtaka mwandishi ashike habari nzima kichwani kwa muda mrefu. Hapo Shaaban Robert alitafuta hila. Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe, ajitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe sita, na kila safari ni hadithi iliyotimia peke yake. Nadhani huu ni ufundi wa mtu aandikaye jioni: habari moja yaweza kufungwa kabla taa haijazimwa. Hata hivyo mishono yaonekana. Mjumbe hutoka, hupata taabu, hurudi na manufaa kwa nchi yake, naye hulipwa kifungo. Tufikapo safari ya nne hatuna tena wasiwasi juu ya mwisho wake. Wako wanaojibu kwamba marudio hayo ni ya makusudi, kwani dhuluma ya Kusadikika yenyewe hujirudia. Jibu hilo lina nguvu, lakini halinitoshelezi. Nchi yaweza kurudia dhuluma ile ile, na bado wale sita wakawa na sauti sita. Wao wasema karibu kwa sauti moja, nayo ni ya mwandishi.

Mtu aweza kunipinga kwa kumtaja Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye naye alikuwa mtu wa kazi, na hadithi zake za Bwana Msa, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, zimefungamana mafundo hata ukikosa ukurasa mmoja umepotea. Ni kweli. Lakini Abdulla alikuwa mhariri wa magazeti, na kwa miaka mingi alilihariri gazeti la Mkulima. Mchana alikuwa akinoa kisu kile kile alichokatia usiku.

Ama nyumbani kwa mwandishi, hapo ndipo penye uzito. Tumezoea kusema kwamba jamaa na watoto ni adui wa kalamu. Kitabu cha Maisha Yangu, cha mwaka 1949, chaonyesha kinyume. Amina, mkewe, alifariki, naye akaachiwa watoto wa kulea. Katika kulea huko zilizaliwa tenzi mbili, Hati kwa ajili ya binti yake na Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Hazikuandikwa kwa kuukimbia ubaba, bali kwa kuutimiza. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kupitwa: Mwana Kupona binti Msham alimwandikia binti yake utenzi wake mashuhuri mwaka 1858, naye yu mgonjwa.

Lakini nina lawama juu ya Maisha Yangu. Amina asifiwa sana humo kwa tabia zake. Saa zake hatuzioni. Nani alipika, nani aliwatuliza watoto, ili karani aliyechoka aketi na kalamu? Watu wa Gusii hawataona shida kunielewa. Kule Tabaka, kwenye mawe laini ya kuchonga, mwanamume huchonga kinyago, na aghalabu wanawake ndio hukisugua kwa maji mpaka king'are. Mnunuzi huuliza jina la mchongaji. Katika kitabu hiki nasi twamjua mchongaji tu, na kwa msichana wa shule mwenye daftari chini ya mto, ambaye jioni yake huenda ikawa ndiyo inayomnunulia kaka yake wakati wa kusoma, pengo hilo si dogo hata kidogo.

Nashuku kwamba mwandishi mwenyewe aliichoka ofisi kuliko alivyokiri. Katika Utubora Mkulima shujaa wake aacha kazi ya mshahara, aenda shamba, na huko apata amani ya moyo. Ni kitabu kitamu. Walakini msomaji aliyewahi kuchuma majani chai mvuani atacheka kidogo, maana shamba la Utubora hustawi bila ya kuumiza sana mgongo wa mtu. Hilo ni shamba lililoonwa kutoka dirisha la ofisi. Ukulima nao una saa zake, na hauzitoi bure kwa mshairi.

Shaaban Robert hakuifuata njia ya Utubora akiwa kijana. Alikaa kazini hata alipopita miaka hamsini, na saa zisizo na mwajiri zilipomfikia zilikuwa chache. Alifariki Juni 1962, umri wake miaka 53. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968.