Juu ya Majina ya Nchi Yetu na Maana Yanayopewa

Katika shule nyingi za huku Masasi na Newala watoto hufundishwa ya kuwa Tanganyika ni maneno mawili yaliyounganishwa: tanga, yaani tanga la chombo, na nyika, yaani bara lisilolimwa. Maelezo haya yapendeza, na mtoto akiisha kuyasikia hayasahau. Lakini mwalimu hapimwi kwa kupendeza. Yafaa basi tuyachungue maelezo haya kama tuchunguavyo maelezo ya neno lingine lo lote, na tukiisha, tuyatazame majina mengine mawili yaliyo jirani yake.

Swali la kwanza juu ya jina ni hili: lilikuwa jina la nini kabla ya kuwa jina la kitu hiki? Tanganyika lilikuwa jina la ziwa. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, ziwa lilikuwa likiitwa hivyo, na Burton akaliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860. Wakati ule hapakuwa na nchi yenye jina hilo. Kutoka pwani hata ziwani kila kabila lilikuwa na kwao. Wadachi walipotawala, waliiita nchi yote Afrika ya Mashariki ya Kidachi, jina lisilokuwa na neno hata moja la wenyeji. Baada ya vita Waingereza walihitaji jina jipya. Mmoja alitaka nchi iitwe kwa jina la Jemadari Smuts, likakataliwa kwa kuwa halina uzuri. Lord Milner, waziri wa makoloni, akataka jina litokalo katika nchi yenyewe. Ndipo jina la ziwa likachukuliwa, likawekwa juu ya nchi nzima mwaka 1920.

Wafundishao tanga na nyika husema kana kwamba mtu alisimama pwani, akaona matanga mbele yake na nyika nyuma yake, akaiita nchi kwa hayo mawili. Lakini jina halikutoka pwani. Kutoka mji wa Tanga hata ziwani ni zaidi ya kilometa 1,000. Tena sarufi yenyewe yagoma. Kiswahili kikitaka kusema tanga la nyika, husema tanga la nyika. Tunayo majina machache yaliyotupa kiunganishi, kama mwanamaji na mwananchi, wala hatukatai. Lakini hayo yametungwa kwa neno mwana, ambalo limezoea kazi hiyo tangu zamani. Tanga halijazoea.

Burton mwenyewe alitoa maelezo mengine, na haya yana uzito zaidi. Alisema jina latokana na kutanganyika, ambalo watu wa Unguja husema kuchanganyika, kwa sababu maji mengi yakutana pale. Stanley naye alisikia habari ya uwanda, yaani ziwa lililotandazwa kama mbuga. Twaona maelezo ya Burton yamekaribia kwa sauti, lakini yana kasoro: kitenzi kisicho na kiambishi cha mbele hakiwi jina hivi hivi. Kutoka kuchanganyika twapata mchanganyiko au machanganyiko. Irabu ya mwisho hugeuka na kiambishi huingia. Tena neno la ziwani lifaa litafutwe kwanza katika lugha za ziwani, Kiha, Kitongwe, Kibembe, kabla ya kuletwa mbele ya Kiswahili ili lihukumiwe.

Walimu wa upande wetu wana mfano karibu wa kuwaonya. Livingstone alipofika ziwa la kusini mwaka 1859 aliandika jina lake Nyasa. Kila Myao ajua ya kuwa nyasa maana yake ziwa. Kwa hiyo tusemapo Ziwa Nyasa twasema ziwa ziwa, na nchi iliyoitwa Nyasaland ilikuwa nchi ya ziwa tu. Nchi ile ilipopata uhuru Julai 1964 ikajiita Malawi, kwa kufuata jina la kale la Wamaravi, na ziwa nalo likabadilishwa jina upande ule. Upande wetu limebaki Nyasa. Mgeni auliza, Hiki nini? Mwenyeji ajibu, Ni ziwa. Basi jibu lake laandikwa katika ramani kama jina.

Jinsi kazi hii ipasavyo kufanywa tumeonyeshwa na padre wa misheni yetu, Yohanna Abdallah, aliyeandika habari za Wayao kwa lugha yao, kitabu kikapigwa chapa Zomba mwaka 1919. Alipofika kwenye jina Yao hakulikata vipande ili apate maneno ya kupendeza. Alikwenda kwa wazee, na wazee wakampeleka mlimani: Yao ni jina la kilima kisicho na miti, na watu wakaitwa kwa mahali walipotoka. Jina Makonde nalo lafaa kutazamwa hivyo. Husema Wamakonde, na wenyewe husema Vamakonde, yaani wa- mbele ya ma-. Maana ma- ile imekwisha kuwa sehemu ya jina la mahali, na watu ni watu wa mahali hapo. Kadhalika vijiji vyetu viliitwa kwa wenyewe: kwa Matola huko Newala, kwa Nakaam huko Chiwata. Mfalme akihama, jina huhama naye, na ramani ya mzungu hubaki imepotea njia.

Tuje Zanzibar. Wenyeji wa kisiwa hukiita Unguja, na waandishi wa Kiarabu wa kale wamelitaja jina linalofanana nalo. Zanzibar ni jina la wageni: zang au zanj, mtu mweusi, na bar, neno la Kiajemi, maana yake pwani. Pwani ya watu weusi basi, na kwanza halikuwa jina la kisiwa kimoja, bali la pwani ndefu. Hapa wengine wangependa tupite upesi. Zanj lilikuwa pia jina la watumwa. Maasi ya Zanj karibu na Basra, mwaka 869 hata 883, yajulikana. Kanisa la Mkunazini lasimama mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa, akikusudia kufika Nyasa, wakakaa Masasi. Wazee wa mji huu walitoka katika neno hilo. Mwalimu akiwaficha watoto maana yake, awaficha babu zao.

Jina jipya ni jepesi kueleza. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na mwisho wa Oktoba mwaka ule jina Tanzania likatangazwa: Tan, na Zan, kisha ia. Wako wasemao ya kuwa palikuwa na shindano, na mshindi alitia i kwa ajili ya jina lake na a kwa ajili ya madhehebu yake. Hata ikiwa hivyo, hiyo ni siri ya mtungaji, si maana ya jina. Masikio ya watu yalipokea ia kwa kuwa yalikwisha kuizoea katika Ethiopia, na mwezi ule ule wa Oktoba Zambia ilizaliwa. Wengine huleta Azania ya wafanya biashara Wayunani wa karne ya kwanza. Zafanana kwa sauti, lakini jina lililokwisha kutoshelezwa na nchi mbili halihitaji ya tatu. Na akija mhubiri akaona nia ndani yake, na ahubiri; asiiite elimu.

Katika kusoma, mkazo uwe juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu yote: Tanzanía. Wale watiao mkazo juu ya za wamejifunza jina la nchi yao kwa Waingereza.

Tanganyika, jina la ziwa, limerudi kuwa jina la ziwa; bali mwaka 1993 wabunge 55 walitaka Serikali ya Tanganyika, wala hapana mmoja wao aliyeuliza tanga liko wapi.