Mtu Wako Atalala Wapi?

Kalibu yetu ya kufyatulia matofali ilikuwa kisanduku cha ndani cha kiberiti. Unakipaka jivu kidogo ili udongo usigande, unashindilia udongo kwa kidole gumba, unakwangua juu kwa kijiti, unakipindua kwenye jani la mgomba na kukigonga mgongoni mara moja tu. Tofali likitoka na pembe zake zote, umefuzu. Kisanduku kimoja kilivumilia matofali kumi, yakizidi sana kumi na tano. Baada ya hapo karatasi inalowa, pembe zinafumuka, na fundi mzima unakaa bila kazi mpaka mama amalize njiti za kiberiti kingine. Ndiyo maana nyumba moja ilitula mwezi. Hatukukosa udongo, tulikosa kalibu.

Udongo ulikuwa wa kumwaga. Dindira ni kata ya Wilaya ya Korogwe, lakini anayeijua Korogwe ya barabarani, ile ya joto, mkonge na mabasi ya kwenda Moshi na Arusha, hawezi kuibahatisha. Unapanda Milima ya Usambara, joto unaliacha chini pamoja na Mto Pangani, ukungu unakupokea, na ghafla pande zote ni chai iliyopogolewa ikawa sawa kama iliyopigwa pima maji. Siku mbingu ikitakata unaona tambarare zikienda kusini, upande wa Handeni, mpaka zinayeyuka kwenye vumbi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kingo za njia ziendazo mashambani zinakuwa laini kama unga uliokandwa. Hapo ndipo palipokuwa karakana yetu.

Tulijenga kama tulivyowaona mafundi wakijenga. Tulichimba msingi kwenye mteremko, tukapanga kozi ya kwanza, na ya pili tukaipishanisha viungio. Timazi ilikuwa jiwe lililofungwa kwenye uzi wa kiroba. Paa lilikuwa manyasi juu ya vijiti, na mlango kipande cha bua. Nyumba yangu ya kwanza iliyosimama wima bila kuegemea kitu ilikuwa na madirisha mawili, na niliizungukazunguka siku nzima kama mwenye shamba anayesubiri wapita njia wamsifie.

Aliyepita ni dada, mtoto wa mama mkubwa, aliyenizidi miaka mitatu. Hakutazama ukuta. Alichuchumaa, akaweka shavu chini kwenye majani yenye umande, akatia jicho dirishani.

“Mbona humu hamna kitu?” akauliza. “Mtu wako atalala wapi?”

Mtu wangu alikuwa gunzi la muhindi lililovikwa kitambaa, nywele zake ndevu za muhindi huohuo. Nilikuwa nimemlaza nje, juu ya jiwe.

“Dada, si nimeshaezeka? Kwani nani ataona?”

“Yeye atakayelala,” akasema, akaondoka na ndoo yake.

Sikumjibu siku ile. Nimekuwa nikimjibu tangu hapo.

Ukubwani ndipo nilipogundua kwamba swali la dada linawakosesha usingizi watu wenye mvi katika nchi ambazo watoto hawafyatui matofali kwa viberiti. Kampuni ya LEGO ya mji wa Billund, Denmark, iliomba hataza ya tofali lake la plastiki mwaka 1958, lile lenye vinundu juu na mirija chini, linaloshikana na mwenzake bila gundi. Fundi wa kwetu aliyewahi kupanga matofali ya kufungamana, yale yanayojengewa nyumba bila saruji nyingi katikati, hahitaji maelezo. Lakini tazama jambo hili: tofali lilitangulia, mkaaji akachelewa. Mtu mdogo wa kampuni hiyo, mwenye miguu inayokunjika akaketi na mikono inayoshika kikombe, hakutoka hadi mwaka 1978. Kwa karibu miaka 20 watoto wa dunia walijenga nyumba ambazo hazikuwa na mtu wa kulala ndani yake kwa kipimo chake. Alipofika, ikabidi atafutiwe kiti.

Hata hivyo kiti hakikuingia katika kila nyumba. Mwaka 2007 kampuni ilitoa jengo la watu wazima liitwalo Cafe Corner, hoteli ya pembe ya mtaa yenye ghorofa tatu na vipande 2,056. Nje lilikuwa pambo tupu: madirisha ya kila aina, viti vya mkahawa kibarazani, neno “Hotel” limesimama wima ukutani. Ghorofa zake hunyanyuliwa moja moja. Ukizinyanyua, unakuta sakafu, basi. Miaka miwili baadaye kilitoka kituo cha zimamoto cha mfululizo huohuo, na ndani kulikuwa na nguzo ya wazimamoto kutelezea na meza ya kuchezea ping-pong. Kati ya hoteli ile na kituo kile ndipo ulipo ubishi wote, na mashabiki wa majengo haya bado wamegawanyika.

Wanaoacha ndani patupu si wavivu. Anayejenga mtaa mzima wa nyumba arobaini mezani kwake anajua kwamba kila kitanda kisichoonekana kinakula matofali ya ukuta unaoonekana. Tena wana hoja nzito kuliko ya gharama: dirisha lenye giza humwachia mtazamaji kazi. Ukipita usiku kijijini ukaona mwanga mdogo nyuma ya pazia, wewe mwenyewe unamweka mtu mle ndani, unampa uzee au homa au barua anayoisoma. Ukioneshwa kila kitu, hubakiziwi la kuwaza. Hoja hii naiheshimu, na nitairudia. Lakini kabla ya hapo acha nieleze lililonipata nilipojaribu kuingiza kitanda.

Nilikitengeneza kwa mabua manne na nyuzi za mgomba, teremka tukaze ndogo kama ile aliyolalia babu. Hakikuingia. Mlango ulikuwa mwembamba mno kwa ubavu wake. Nikabomoa kozi tano za ukuta wa mbele, nikakiingiza, nikajenga tena, na mlango mpya ulipofunguka ukagonga mguu wa kitanda. Nikauhamisha mlango. Sasa dirisha likawa juu ya kichwa cha mlalaji, na baridi ya Dindira ya mwezi wa saba mtu haichezei. Nikahamisha dirisha. Kisha nikamketisha gunzi kitandani na kuona kwamba dirisha lenyewe nililiweka juu mno: akiketi, anatazama ukuta. Nikalishusha kozi mbili. Nilipomaliza, nyumba iliyokuwa mbele yangu haikufanana na ya kwanza hata kwa nje. Uso wake ulikuwa na mlango pembeni na dirisha moja chini kidogo kuliko lingine, na kwa mara ya kwanza ilifanana na nyumba za kijijini kwetu. Mapambo sikuongeza hata moja. Kuna mtu aliyekuwa ameanza kuipima kutoka ndani.

Hapo ndipo ufundi ulipo, na ndiyo sifa yangu ya kwanza kwa wanaoweka vyombo ndani. Kitanda ni kipimo kabla hakijawa pambo. Anayejenga uso tu anaweza kuweka dirisha popote macho yake yanapopenda. Anayejua kitanda kitakaa wapi hana uhuru huo, na kule kukosa uhuru ndiko kunakoipa nyumba sura ya kweli. Nimelala katika nyumba za watu wazima, za saruji na vigae, ambazo swichi ya taa iko nyuma ya mlango na kabati halifunguki mpaka usogeze kitanda. Mafundi wake walikuwa hodari wa timazi na mwiko. Hakuna aliyewauliza mtu wao atalala wapi.

Sifa ya pili nimeikuta Lamu, katika nyumba kongwe za mawe za karne ya 18. Njiani unaona ukuta mtupu na daka lenye baraza za kuketi wageni. Ukipita hapo kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo kwa kawaida hazivuki mita 3. Kila hatua unayopiga inakupeleka mbali na macho ya watu. Baada ya misana kipo chumba ambacho jina lake ni hilo tu: ndani. Na huko ndani, mahali ambapo mgeni wa kawaida hafiki, ndiko fundi alikokesha. Ukuta mzima umechongwa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya plasta vya kuwekea sahani na bakuli za kauri zilizovuka bahari kutoka China.

Kwa hesabu ya “nani ataona”, ile ni kazi iliyopotea. Lakini waliojenga Lamu hawakupiga hesabu hiyo. Walipanga uzuri uongezeke kadiri watazamaji wanavyopungua. Msemo wa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, wengi tunautumia kwa tabia za watu. Kule ni maelekezo kwa mwashi.

Sasa nirudi kwenye ile hoja ya giza la dirisha, maana kuna kuweka vyombo kunakoua nyumba. Mwaka 1924 Malkia Mary wa Uingereza alikabidhiwa nyumba ya midoli iliyosanifiwa na Edwin Lutyens, ambayo leo iko kwenye kasri la Windsor. Kila kitu kiko kwa kipimo cha 1 kwa 12. Maji yanatoka bombani, taa zinawaka, chupa za stoo zilijazwa mvinyo wa kweli, na maktaba ina vitabu vidogo ambavyo waandishi wakubwa wa wakati ule, Arthur Conan Doyle mmojawapo, waliviandikia maneno. Kuta za nje hunyanyuliwa zote pamoja, kama kawa juu ya sinia, ili ndani paonekane. Ni ajabu ya ufundi na sina la kuukosoa. Lakini nimezitazama picha zake mara nyingi, na kila mara ninachokikosa ni masizi.

Neno hilo nalitoa kwa dada. Kitanda kilipokwisha kutulia, alirudi kukagua. Akatia jicho dirishani, akanyamaza kidogo, kisha akaokota vijiwe vitatu njiani na kuvipanga kwenye kona, mafiga ya kutosha chungu cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Hakuishia hapo. Alikwenda jikoni kwa mama, akapangusa kidole kwenye kitako cha sufuria, akarudi mbio na kukipaka ukutani juu ya mafiga, mara moja, kuelekea juu. Doa jeusi, pana chini na jembamba juu, kama moshi unavyofanya kwenye kuta zetu miaka yote.

Nilitazama tena dirishani, na sikuweza kuona kitanda vizuri wala ukuta wa nyuma. Niliona doa lile. Nikajua kwamba gunzi langu linapika, kwamba limekaa humo siku nyingi, kwamba jana usiku palikuwa na baridi. Giza la dirisha halikupungua. Liliongezeka, kwa sababu sasa lilikuwa giza la nyumba ya mtu. Tangu siku hiyo, ubishi wa kupamba au kutopamba nauona kama ubishi wa idadi, nao si wa idadi. Vyombo hamsini vilivyopangwa kama dukani havimwiti mkaaji. Kiti kimoja kilichosogezwa kando ya meza, kama mtu ameinuka sasa hivi kufungua mlango, kinatosha. Nikikutana na mjenzi wa matofali ya plastiki aliyebakiwa na vipande vichache baada ya kumaliza kuta, nitamwambia asitafute kitanda wala kabati. Aweke kandambili mbili mlangoni, moja imepinduka.

Mvua za masika zilipoanza, nyumba zetu zilikwenda kama zinavyokwenda nyumba zote za udongo mbichi. Kwanza manyasi, kisha kozi za juu, halafu kuta zikarudi kuwa ukingo wa njia. Gunzi nilishaliokoa. Wiki ile nilipokuwa nikishuka na mama kupeleka chai kupimwa, nilitafuta mahali nilipokuwa nimejenga na sikupatambua, mpaka nilipoviona vile vijiwe vitatu vimesimama kwenye tope, vinatazamana. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yetu na kikapu chake alikuwa karibu kuvikanyaga. Aliangalia chini, akavuka pembeni.