Sekunde 12 za Kuchota Maji

Ndege nimezipenda tangu utotoni, na nyingi ni nzuri kuliko Canadair CL-415, ile ya manjano na nyekundu inayozima moto wa misitu kusini mwa Ufaransa. Tumbo lake ni la mashua, bawa limekaa juu, injini mbili za rafadha. Lakini nikiiona ikichota maji, siwezi kutazama kingine.

Rubani huanza kwa kuyasoma maji. Hupita juu ya ziwa au ghuba akitafuta mashua, nyaya, magogo yanayoelea, mwelekeo wa upepo na kimo cha mawimbi. Akisharidhika hushuka taratibu, pua imeinuka kidogo, mpaka tumbo liguse maji. Hasimami. Huteleza kwa takriban kilomita 130 kwa saa, huku vijibomba viwili chini ya tumbo vikiyapokea maji. Pampu hakuna, kasi ya ndege ndiyo inayoyasukuma ndani, lita 6,000 na ushee kwa sekunde 12.

Ustadi wote uko hapo. Kila sekunde ndege huongezeka uzito wa karibu nusu tani, na maji yanaivuta nyuma. Mkono mmoja wa rubani huongeza nguvu za injini kadiri matangi yanavyojaa. Mwingine unashika usukani, ukirekebisha kidogo, tena kidogo. Pua ikizidi kuinuka, ndege itadunda. Ikiinama, itajikita majini. Vijibomba vikifungwa, ndege hunyanyuka, nzito, ikielekea moshini.

Juu ya moto hushuka tena, mita 30 hivi kutoka vilele vya miti, ndani ya hewa ya moto inayoitikisa. Milango minne ya matangi hufunguka. Mzigo ukitoka ghafla, ndege hutaka kupaa yenyewe, na rubani ameshajiandaa kuizuia. Kisha anarudi majini, na kuyasoma upya kana kwamba hajapata kuyaona. Subira hiyo ya kutoyazoea maji naistahi kuliko ujasiri wake.

Jioni, kituoni Nîmes, kazi ni ya mafundi. Chumvi ya bahari hula alumini, hivyo ndege iliyochota baharini husuuzwa kwa maji baridi, kisha hukaguliwa viungo na vijibomba. CL-415 mpya hazijaundwa tangu 2015, na hakuna pembe ya ndege hizi wanayoweza kuiosha kwa haraka.